B.M., kijiko kimoja cha chai

5 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa miguu ya Bi Mkubwa, ambayo nitaifikia. Mume wangu bado yuko safari za kikazi. Hurudi mwisho wa mwezi kubadilisha nguo na kulalamikia chai yangu. Binti ameingia darasa la tano na sasa anasahihisha kila anachokisikia. Mimi niko palepale masjala: barua zinaingia, nazigonga muhuri wa kupokelewa, nazitafutia jalada. Zako pia nazigonga, usishangae. Mkono umeshazoea.

Miguu ya Bi Mkubwa inavimba kuanzia adhuhuri. Ukibonyeza kifundo kwa kidole, shimo linabaki hadi uhesabu ishirini. Zahanati walimpa vidonge, akavitumia siku nne akaviacha. Anasema vinamwamsha kwenda msalani kama mlinzi wa zamu.

Mgonjwa wa pili ni Bi Mdogo. Jirani yetu mpya, fundi saa, aliingia wiki iliyopita akanisikia nikisema Bi Mdogo anaumwa. Akatoa pole, akauliza amelazwa wapi. Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamweleza: babu alilileta ua lile ndani mwaka uliozaliwa wewe, akawa kila asubuhi analifuta majani kwa kitambaa, na mkewe hamsogezei hata kikombe. "Nikamwambia, basi huyo ndiye bi mdogo wako, na mimi niite Bi Mkubwa." Fundi saa akakitazama chungu kwa heshima zote.

Sasa yale majani mapana kama sinia yametoka madoa ya kahawia, katikati makavu, pembeni duara la njano. Lilianza jani moja la chini. Leo nimehesabu matano. Bi Mkubwa huvuta kiti kila asubuhi akakaa mbele yake. Jana aliniambia, "Huyu akitangulia, mimi sikai sana." Nikamjibu kwamba wake wenza hawana mapenzi ya kiasi hicho. Hakucheka.

Wewe ndiye mwenye kazi ya maua. Tufanyeje?

Mpwa wako

*

18 Februari
(Imepokelewa 28 Februari)

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafurahi mko salama. Mwambie huyo msahihishaji kwamba barua yake ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa na makosa matatu, nimeyazungushia duara. Hapa ni mvua na miche. Nimebakiza miezi saba nistaafu, na Meneja ameanza kunitambulisha kwa wageni kama sehemu ya jengo.

Huo ni ukungu. Si laana wala wivu. Vumbi lake halionekani kwa macho. Linaruka na matone ya maji kutoka jani hadi jani, na likipata jani lililolala na unyevu linaota. Bila shaka kuna mtu anamwogesha. Aache. Maji yamwagwe kwenye udongo tu, asubuhi, na udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Chukua mkasi, ufute kwa spiriti, ukate kila jani lenye doa hata kama doa ni moja, na ufute tena kabla ya kukata linalofuata. Yaliyokatwa yafunge mfukoni yatoke nje ya nyumba. Yaliyoanguka chunguni usiyaache, humo ndimo ugonjwa unapojificha. Msogeze mbali na ukuta na umfungulie dirisha.

Dawa usimpe yoyote kabla sijaona jani. Katika miaka yangu nimeona maua mengi yakiuawa na dawa kuliko ugonjwa. Nitumie jani moja kwenye bahasha, katikati ya gazeti.

Kuhusu miguu ya mama, hapa nyuma ya kitalu kuna mama mmoja anasaga mizizi. Ni unga, unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa. Watu wanamsifu sana. Nitampitia, niwatumie vyote viwili pamoja.

Mjomba wako

*

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Jani liko ndani. Nimelilaza kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, ndio uliokuwa mkavu.

Mwogeshaji nimempata. Ni Bi Mkubwa mwenyewe, kwa birika, kila jioni, na anasema hakuanza leo. Nilipotoa mkasi alisimama mlangoni akaniuliza kama namkata mwenzake viungo mchana kweupe. Nimekata majani saba. Nimemsogeza, nimefungua dirisha, sakafu nimeifagia. Siku tatu zilikuwa shwari, halafu madoa yametokea kwenye majani mawili ya juu, yale machanga.

Bi Mkubwa hayaulizi madoa tena. Miguu yake sasa inavimba tangu asubuhi na viatu havimwingii. Anauliza kila siku kama posta imefungua. "Mwanangu akisema ataleta, ataleta." Naomba ulete, Mjomba, maana amekataa zahanati na anakusubiri wewe.

Mpwa wako

*

18 Machi
(Kwa mkono wa dereva. Imepokelewa 20 Machi)

Mpwa, dereva wa lori la miche amewasha gari. Kifurushi ndicho hiki. Namna ya kutumia nimeandika juu ya mfuko. Barua yenyewe inakuja kwa posta.

Mjomba

(Juu ya mfuko: B.M. Kijiko 1 cha chai, maji lita 1. Tikisa. Kila Ijumaa asubuhi. Usizidishe.)

*

19 Machi
(Imepokelewa 22 Aprili)

Mpwa wangu,

Natumaini kifurushi kimefika. Jani lako nimeliangalia kwa lenzi. Ni ukungu, na umeshaingia kwenye machipukizi, kwa hiyo mkasi peke yake hautoshi.

Yule mama wa mizizi amesafiri kuuguza, ya miguu itabidi isubiri. Niliyotuma ni ya Bi Mdogo tu. Changanya kwenye chupa ya kunyunyizia, umpulizie juu na chini ya majani, chini hasa. Vaa glavu. Funga kitambaa puani. Bi Mkubwa akae chumba kingine mpaka majani yakauke, na sakafu ipigwe deki. Kijiko utakachotumia kisirudi jikoni, kitupe. Mfuko uweke juu, mbali na vikombe.

Jina la dawa sikuliandika, na sababu unaweza kuikisia. Wiki iliyopita wamemfukuza fundi bomba wetu kwa kopo moja la rangi lililokutwa kwenye mkoba wake. Miaka kumi na tisa kazini. Alitoka getini na koti mkononi, hakuna aliyemuaga, nami sikumuaga. Kwa hiyo usimwambie mtu dawa imetoka wapi.

Mjomba wako

*

2 Aprili
(Kwa rejista)

Mjomba,

Shikamoo. Mume wangu amekuja na kuondoka. Binti ana mafua. Barua yako uliyosema inakuja bado haijafika. Posta wanasema daraja limekatika na mifuko imerundikana upande wa pili. Hii naituma kwa rejista ili nisikae nikijiuliza kama umeipata.

Dawa ya Bi Mkubwa imefika, tunashukuru sana. Ameshakunywa Ijumaa mbili. Nachanganya mwenyewe kama ulivyoandika, anakunywa glasi asubuhi na iliyobaki anaimaliza kidogokidogo hadi jioni. Rangi yake ya samawati ilinishtua, maana mizizi ninayoijua mimi ni ya kahawia. Yeye alishika glasi akaitazama kwenye mwanga akasema, "Huyu mtoto ameamua kunifua." Baada ya kunywa alitapika, Ijumaa ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Mama wa mlango wa tatu anasema ndivyo dawa ya mizizi inavyosafisha. Ladha anasema ni kama kulamba sarafu.

Lakini miguu imepungua, Mjomba. Kweli imepungua. Jana alivaa viatu vyake vya kutokea akatembea hadi kwa fundi saa kumwonyesha. Anamwambia kila mtu.

Ila Bi Mdogo umemsahau. Madoa yamerudi, nami nakata tu.

Mpwa wako

*

15 Aprili
(Imepokelewa 26 Aprili)

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe binti pole ya mafua. Hapa mvua imepungua kidogo na tumeanza kuhamisha miche mikubwa. Meneja amenipa karani mpya wa kumfundisha, mtu wa maswali mengi.

Barua yako nimeipata. Ile dawa naona sasa inatosha, Bi Mkubwa asiendelee nayo. Si kwamba ni mbaya. Imeshafanya kazi yake. Mpe maziwa, asubuhi na jioni, na maji mengi. Kama anatapika bado, si vibaya akaonwa zahanati, mseme ni tumbo.

Bi Mdogo endelea kumkata majani na kumweka pakavu. Pembezoni mwa doa acha upana wa kidole unapokata. Udongo wa juu uubadilishe.

Mniandikie hali.

Mjomba wako

*

22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 19 Machi imefika leo saa tatu, ndani ya mfuko mmoja na barua za ofisi. Niliigonga muhuri kabla ya kuisoma. Niliisoma nimesimama.

Bi Mkubwa amekunywa Ijumaa tano. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa iliyopita. Hakula Jumamosi wala jana. Asubuhi nilipomfungulia pazia, macho yake yalikuwa ya njano. Nilijiambia ni mwanga.

Nimetoka kazini bila ruhusa. Tumempeleka hospitali kubwa kwa gari la fundi saa, na ninakuandikia kwenye benchi la nje ya wodi. Daktari ni mwanamke, anaongea polepole. Nilimpa mfuko. Akausoma, akaugeuza, akauliza, "B.M. ndiyo nini?" Nikamwambia ni Bi Mkubwa. Halafu nikamwambia ni Bi Mdogo. Akaniomba kitu kimoja tu, jina la dawa. Zipo za aina nyingi zenye rangi hiyo, na maabara yao haina uwezo wa kuzitofautisha. Anataka jina na mchanganyiko.

Nimekupelekea simu ya maandishi saa sita: TAJA JINA LA DAWA. Nimepiga pia simu ofisini kwenu mara mbili. Karani amesema uko kwenye vitalu, atakupa ujumbe. Nikapiga mara ya tatu. Akasema amekupa.

Mpwa wako

*

25 Aprili
(Imepokelewa 6 Mei)

Mpwa wangu,

Pole sana kwa kumuuguza mama. Nimeipata simu yako, na barua nimeona ni bora kuliko simu, mtu anajieleza vizuri.

Ile ni dawa ya kawaida ya bustani, inatumika kila mahali, hata kwenye mboga. Mama ana umri, ini la mtu wa umri wake lina mambo yake mengi, na hata kabla ya dawa hakuwa mzima. Madaktari wanapenda kupata kitu cha kuandika. Mwambie ni dawa ya ukungu, anajua zinafanana.

Ule mfuko kama bado unao, uchome.

Nimeongea na yule mama wa mizizi, amerudi. Naweza kutuma ile ya miguu sasa.

Mjomba wako

*

7 Mei
(Kwa mkono wa dereva)

Mjomba,

Dereva wa lori la miche amepita leo kwa bahati, anakufikia keshokutwa. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asimpe karani.

Kazi yangu ni tarehe, kwa hiyo nikuandikie tarehe. Barua yangu ya rejista uliisaini tarehe 12 Aprili. Kadi imenirudia, sahihi ni yako. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa amekunywa ya nne asubuhi. Barua yangu ilisema rangi ni ya samawati, anatapika, na ladha ni ya sarafu. Ungeleta simu ya maandishi siku ileile ingefika Jumamosi, na Ijumaa ya tano isingekuwepo. Ulikaa siku tatu ukaandika barua. Ndani ya barua ukaandika maziwa.

Tarehe 22 uliulizwa jina kwa simu ya maandishi na kwa karani. Leo ni siku ya kumi na tano. Mfuko sikuuchoma, uko kwenye jalada la daktari.

Na yangu niyaseme. Rangi ilinishtua na nikachanganya. Alitapika na nikachanganya tena. Ijumaa ya nne alinitazama kwanza, akafumba macho, akanywa, nami nikasema kwa sauti, "Basi imalize, Bi Mkubwa, usimwangushe Mjomba." Hilo halimo katika barua yangu yoyote.

Daktari anasema anatibu kwa kubahatisha. Naomba jina.

Mpwa wako

*

10 Mei
(Simu ya maandishi. Imepokelewa 10 Mei, saa nane mchana)

MRUTUTU NA CHOKAA NUSU KWA NUSU. NILICHUKUA STOO BILA RUHUSA. NILIJUA TANGU TAREHE 12 APRILI. B.M. NI HERUFI MBILI TU NILIZOZOEA KUANDIKA KWENYE VYUNGU. KARANI ANAYEPELEKA SIMU HII AMESHAMWITA MENEJA. NAKUJA KWA BASI LA JUMAPILI

*

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii utaipatia njiani, nimempa dereva yuleyule, maana basi lako linasimama usiku mzima pale anapopakia. Soma kabla hujafika.

Simu yako niliipeleka wodini jana saa tisa. Daktari aliisoma yote, pamoja na ile sehemu isiyomhusu. Akasema mrututu ni shaba, na iko dawa ya kuivuta shaba itoke mwilini, lakini hutolewa siku za mwanzo. Ameianza hata hivyo. Nilimuuliza kama ingeanza tarehe 22 Aprili ingekuwaje. Akasema hawezi kunijibu swali hilo, na akaomba nisimuulize tena. Figo zimesimama. Amenishauri niwaite ndugu, na sikumuuliza siku ngapi.

Ndugu wamefika tangu asubuhi, wamejaa sebuleni na kwenye ngazi. Mama mkubwa amekuja na wanawe wote. Nimehamisha viti na chungu ili wapate pa kukaa. Bi Mdogo nimemtoa nje, ana majani mawili.

Kuna jambo unatakiwa ulijue kabla hujashuka kwenye basi. Ile miguu kupungua, daktari anasema ni maji yaliyomtoka kwa kutapika. Bi Mkubwa hajui hivyo. Anachojua ni kwamba alivaa viatu. Amewasimulia wote, kila anayeingia wodini anaambiwa: zahanati walimshindwa, mwanawe akamletea dawa kutoka mbali, akatembea. Haya ya sasa anasema ni uzee. Ndugu zako wanakusubiri stendi Jumatatu asubuhi kukushukuru. Mama mkubwa ameandaa maneno ya kusema.

Sijamwambia mtu. Daktari anajua, mimi najua, na karani wenu anajua. Nilitaka kumwambia Bi Mkubwa mwenyewe leo mchana, nikasogeza kiti, nikamshika mkono. Akanitangulia kuongea. Sauti yake imekuwa ndogo, ilibidi niiname.

Akaniuliza kama ni kweli unakuja. Nikasema ni kweli.

Akasema, "Mwandikie, asije mikono mitupu. Aniletee ile dawa tena."

Mpwa wako